Dishi Lililovalishwa Bati

Mjukuu wangu alikuwa anasoma masta ya mawimbi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wanawake wenzangu kanisani, nao wakaitikia kwa vichwa kama tunavyoitikia mahubiri ya mgeni, bila swali. Somo lenyewe lina jina refu, mitandao isiyo na waya na ya simu za mkononi, nimelikariri kwa shida. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kule Kileo nilikozaliwa, kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo na baba alikuwa na mbuzi, na mbuzi ndio waliokuwa na haraka. Baadaye nikaolewa huku juu Vudee, kwenye baridi, na huku ndiko nilikozeekea. Kwa hiyo nikizunguka kidogo katika kueleza mnivumilie. Njia za huku zote zinazunguka. Ukipanda moja kwa moja unatema mapafu.

Alikuja wakati wa manyunyu, na sanduku kubwa limefungwa nyuma ya pikipiki na begi la kompyuta kifuani mwake yeye, amelikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huko chuoni hamli?"

"Tunakula, bibi. Ila somo nalo linatula sisi."

Nikampakulia makande. Mtu akila makande yangu anasema ukweli, hata marehemu babu yake alikuwa hivyo, alikuwa haniambii jambo mpaka ashibe. Basi naye akala, akasukuma bakuli, akasema bila kunitazama: "Karatasi ya mtihani sikufanya vizuri. Imebaki kazi ya mikono. Nikiangusha na hii, somo limekwenda. Na hili somo nilishalirudia mara moja, chuo hakikubali tena. Likienda hili, masta yote imekwenda."

Nilitaka kumwambia Mungu yupo. Lakini nikaona Mungu aachwe kwanza, nikamwambia, "Haya, kazi yenyewe ni ipi?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Yeye na mwenzake wa darasani, binti wa mfanyabiashara mmoja wa kule Same mjini, walitakiwa wajenge njia ya hewani kutoka mlimani mpaka tambarare. Dishi moja huku kwetu, dishi la pili juu ya paa la baba wa yule binti, karibu na barabara kuu. Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, wahadhiri wao wangekaa chuoni, na mjukuu wangu angesimama huku Vudee awaeleze kazi yake, na sura yake na sauti yake vipite kwenye njia hiyohiyo aliyoijenga mpaka Same, na kutoka pale vifike chuoni kwa intaneti ya mjini. Njia ikikatika, na yeye anakatika mbele yao.

"Sasa simu si ipo?" nikamuuliza. "Mbona tunaongea mpaka na Dar es Salaam?"

"Simu ni njia ya mwenye mnara, bibi. Ukipita humo umeomba lifti. Wao wanataka wanione natengeneza barabara."

Hapo nikaelewa. Akanieleza na mengine. Kwamba hewani hakuna ukuta, kila chombo kinasikia kila chombo, na vikisema viwili kwa pamoja maneno yanagongana yanaharibika yote. Basi vikigundua vimegongana vinanyamaza, kila kimoja kinangoja kidogo, kisha kinajaribu tena.

"Basi vina adabu kuliko kwaya yetu," nikasema. Akacheka. Ndiyo mara ya pekee aliyocheka wiki ile.

Shida ilikuwa mahali. Dishi lazima lionane na mwenzake uso kwa uso, alisema, lisizibwe na mlima wala mti. Nyumba yangu iko bondeni nyuma ya mgongo wa mlima, mimi Same siioni mpaka nipande gari. Katika upande wetu wote ua unaoiona Same ni mmoja tu, na ua huo ni wa shemeji yangu.

Shemeji huyu ni mdogo wake marehemu mume wangu, na ndiye mzee wa ndiva. Wasioijua ndiva, ni bwawa tulilorithi kwa mababu, linakinga maji ya kijito usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenye mfereji kwenda mashambani, leo kwa huyu kesho kwa yule. Mwenye kugawa zamu ni yeye. Kiangazi kilichopita nilichelewa kidogo kufika, mguu ulikuwa unaniuma, nikakuta amempa mtu mwingine maji yangu. Maharage yangu yakakaukia shambani yanaita maji. Tangu siku ile tulikuwa tunasalimiana kwa ajili ya dini tu.

Na si kwamba hajui mambo ya mawimbi. Marehemu alikuwa na redio ya mbao, waya wake ameufunga kwenye mparachichi, na shemeji alikuwa anakuja kila jioni kusikiliza taarifa ya habari. Sauti ikikwaruza alikuwa anaupiga mparachichi ngumi. Anauamrisha. Nawaambia haya mjue ni mtu wa namna gani.

Nikaenda na mjukuu. Nilijifunga kanga mpya kabisa, mtu haendi kuomba na kanga iliyochoka.

"Karibuni," shemeji akasema. Kisha akamwangalia mjukuu, uso ukamfunguka. "Aa! Mke wangu mdogo amerudi! Nilijua utamchoka yule wa mjini."

"Shikamoo, babu. Sijapata wa mjini."

"Marahaba. Hujapata kwa sababu unasoma sana. Na huyu mzee uliyekuja naye anataka nini?"

"Mzee ni wewe, shemeji," nikamwambia. "Tunaomba ua wako. Anataka kusimamisha mlingoti."

Akamsikiliza mjukuu mpaka mwisho, kwa utulivu ambao mimi sijawahi kuupata kwake. Kisha akasema mtambo wa mjukuu wake ni mgeni wake, na mgeni akiingia uani kwake haguswi na jua wala mvua. Alisema hivyo, mvua, na mimi nilikuwepo nikayasikia kwa masikio yangu haya. Sote tukafurahi. Tungejua.

Jumatatu na Jumanne ilikuwa kuchimba shimo, kusimamisha mlingoti, kuvuta waya wa umeme kutoka kwenye sola ya shemeji. Dishi lenyewe halikuwa kubwa, kama ungo wa kupepetea. Lakini kuligeuza! Mjukuu ameegemea ngazi, simu begani, anaongea na mwenzake aliyeko juu ya paa kule Same, na mwenzake anamsomea namba. "Imeshuka. Imeshuka. Inapanda. Simama! Umepitiliza." Kutwa nzima. Kugeuza kwenyewe ni unywele, ukikohoa umetoka Same umeingia mbuga ya wanyama. Jumatano jioni wakaipata. Nikaona kwa macho yangu uso wa yule binti ndani ya kompyuta, na ushungi wake, na nyuma yake minara ya msikiti na malori yanayopita barabara kuu, wazi kabisa. Akanisalimia: "Shikamoo bibi!" Nikamjibu kwa kelele, maana alikuwa mbali.

Tukashuka kwangu kulala. Mjukuu hakulala. Nilimsikia anajifundisha kusema, anasema, anasita, anaanza upya.

Alhamisi asubuhi ukungu na manyunyu. Tulikuwa tunakunywa chai simu ikalia. Ni yule wa Same. Nilimsikia mjukuu anasema "Haiwezekani" mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

"Nini?"

"Imekufa. Kule haoni kitu. Imekufa tangu alfajiri."

"Si mvua hiyo?"

"Mvua kama hii haiiui, bibi. Ingepungua tu. Hii imekata kabisa, kama kuna ukuta."

Akachukua begi, nikachukua fimbo, tukatoka. Na hapo ndipo tuliposikia baragumu.

Nilikuwa nimesahau, na si kawaida yangu kusahau. Ile Alhamisi ilikuwa siku ya msaragambo. Baragumu likilia kila nyumba inatoa mtu na jembe, na safari hii kazi ilikuwa kuzoa tope ndivani. Na msaragambo una sheria yake kongwe: ukipita penye kazi, unaingia kazini. Uwe mgeni, uwe mchungaji, uwe umevaa suti ya harusi, utashika jembe kwanza, mpaka mzee wa ndiva akuachie, ndipo upite. Na njia ya kwenda kwa shemeji inapita juu ya ukingo wa ndiva. Njia nyingine ni kuzunguka kwa chini, kwa miguu yangu mimi ni mpaka jioni, na kwa miguu yake ni karibu saa nane yenyewe, na utelezi ule.

"Tutapita tu, bibi. Nitawaambia nina mtihani."

"Jaribu," nikamwambia.

Tukawakuta wamejaa, wanaume ndani ya tope mpaka magotini, wanawake wanapokezana karai. Shemeji amesimama ukingoni na baragumu lake shingoni. Kabla mjukuu hajafungua mdomo, wanawake walishaanza.

"Karibu msomi! Hilo begi lina jembe ndani?"

"Anakuja kutupiga picha huyo."

"Mtihani, mama zangu," mjukuu akasema, "nina mtihani saa nane, mtambo umekufa, naomba nipite."

"Kila mtu ana mtihani," mwanamke mmoja akasema. "Mimi nimeacha mgonjwa."

Mjukuu akamgeukia shemeji. "Babu, nakuomba."

Na shemeji, aliyemwita mke wangu mdogo, akasema kwa sauti ya ndivani, ile niliyoisikia siku ya maharage yangu: "Hapa hapiti mtu mwenye mikono mikavu. Nikikuruhusu wewe kwa sababu ni wangu, kesho nitamzuia nani?"

Nilimtukana kwa Kichasu, lugha yetu ya huku, tusi ambalo sitaliandika. Mjukuu akanipa begi, akavua viatu, akaingia topeni na nguo zake alizoziandaa kwa wahadhiri. Akapokea karai, akapokea lingine. Mimi nikatafuta jembe fupi nikakwangua pale ukingoni. Ukungu ukawa unainuka kidogo kidogo, na huo ndio ulionitia hofu, maana huku ukungu ukiinuka ujue mchana unaingia.

Alifanya kazi kama mtu anayegombana. Machozi yalikuwa yanashuka, na kwa kuwa alikuwa na tope mkononi hakuweza kuyafuta. Shemeji akaona. Si mtu wa chuma. Akasogea akainama, akataka kumtuliza.

"Usilie, mke wangu. Mtambo wako mzima. Nimeulinda mwenyewe. Haujaguswa na hata tone."

Mjukuu akasimama na karai mikononi.

"Umeulinda vipi, babu?"

"Nimeufunika. Mvua ilipoanza alfajiri nikasema, mgeni wangu atanyeshewa mimi nikiwepo? Nikaujengea kibanda."

"Cha nini?"

"Cha bati," shemeji akasema kwa fahari. "Bati jipya. Nililolinunulia choo."

Karai lilianguka. Sijui niseme nini kuhusu uso wa mtoto yule. Hakukasirika. Akasema polepole, "Babu, bati ndilo ukuta."

Akamweleza kwa maneno machache, pale pale topeni. Mawimbi yakigonga bati hayapiti, yanarudi yalikotoka. Yale maneno yote ya kwenda Same yalikuwa yanajigonga kwenye bati la choo na kurudi uani.

Nilimwangalia shemeji. Nimemjua mtu huyu tangu akiwa kijana anaiba miwa. Alitazama ndiva, akatazama watu, akatazama juu kwenye ua wake. Wote walikuwa wameacha kazi wanamsubiri. Sheria ya msaragambo inasema anayeondoka kabla ya baragumu la kumalizia anatozwa: ataleta chakula cha watu wote siku ya kazi inayofuata. Yeye mwenyewe ndiye mtozaji. Ametoza wajane.

Akavua baragumu shingoni akamkabidhi mwanamume aliyekuwa karibu. "Hawa nimewaachia, mimi mniandike," akasema. "Natoroka."

Basi likaanza lile la kupanda. Mjukuu mbele, peku, shemeji nyuma yake, mimi nyuma yao na kompyuta kifuani, nasali nisiteleze. Nyuma yetu watu wanashangilia kama mpirani. "Mzee wa ndiva ametoroka! Mshikeni!"

Kibanda kilikuwa kizuri, nisiwe mwongo. Alikuwa amepigilia vipande vya mbao kwenye mlingoti, juu akalaza bati, mbele akateremsha bati jingine kama pazia ili mvua ya upepo isiingie. Dishi lilikuwa ndani, kavu, halioni kitu. Aliking'oa chote kwa mikono, misumari ikimchana, huku anasema "Toka! Toka!" kama anayefukuza ng'ombe shambani.

Lakini kuondoa bati haikutosha. Zile nyundo za alfajiri zilikuwa zimelegeza mlingoti shimoni, na mvua ikalainisha udongo. Dishi likawa linatazama pembeni. Ukiugusa mlingoti unayumba kama jino la mtoto.

"Tushindilie mawe," shemeji akasema.

"Kila jiwe utakalopiga litaligeuza, babu. Hakuna muda. Ushikeni. Ushikeni tu usitikisike."

Tukaushika. Mimi upande wa kwangu, shemeji upande wake, uso kwa uso, mlingoti katikati yetu. Maisha yangu yote sijawahi kusimama karibu hivyo na mwanaume ambaye si mume wangu. Mjukuu akapanda ngazi, simu begani.

"Inapanda," nikaisikia sauti ya Same. "Inapanda. Hapo. Hapana, imekimbia. Rudi. Rudi kidogo. Wameshaingia, mwenzangu! Wahadhiri wameshaingia, wanauliza uko wapi!"

"Waambie nakuja."

"Nimewaambia. Rudi kidogo tena. Hapo! Usiguse! Usipumue!"

Mjukuu akakaza nati, akateremka kwenye ngazi kama paka, akaketi juu ya kinu kilichofudikizwa, kompyuta kwenye magoti yenye tope. Na uso wa mama mmoja ukatokea pale, na miwani, na pembeni yake mzee mwenye mvi. Mjukuu akaanza kusema.

Sikuelewa alichosema. Alisema kwa lugha yao, namba na herufi, lakini sauti yake ilikuwa imesimama, haikusita kama ya usiku. Mimi kazi yangu ilikuwa mlingoti. Mikono ilianza kufa ganzi. Nikawa namtazama shemeji, sina pengine pa kutazama.

Ndipo nikawaona siafu.

Mvua kama ile huwatoa ardhini, na mstari wao ulikuwa umekata ua na kupita juu ya mguu wa shemeji. Walishapanda. Niliona suruali yake inacheza. Niliona jasho kwenye paji. Mtu mwingine angeruka mpaka Same kwa mguu. Yeye alifumba macho tu, akauma mdomo, mlingoti haukusogea. Mmoja akatokezea kwenye kola, akafuata shingo, akaanza kutafuta mahali pa kuuma. Mikono yangu siwezi kuitoa. Nikafanya nini? Nikampulizia. Nikasogeza mdomo kwenye shingo ya shemeji yangu nikapuliza, na siafu akashikilia, nikapuliza tena.

"Shemeji," akaninong'oneza bila kufumbua macho, "watu wakituona watatuozesha."

"Nyamaza, unautikisa."

Alikuwa ameutikisa. Kwenye kompyuta yule mama wa miwani akaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mjukuu akaacha kusema. Akatugeukia, na macho yale sitayasahau. Tukabana pumzi wote wawili. Sekunde ngapi sijui, mimi niliona ni kwaresima nzima. Kisha yule mama akafumba mdomo, akapepesa, sauti ikarudi.

Akauliza kwa Kiswahili, labda alikuwa amechoka na ile lugha nyingine. "Kumbukumbu za mtambo zinaonyesha njia yenu ilikufa tangu alfajiri mpaka muda mfupi uliopita. Ni nini? Mvua?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Angesema ndiyo, mvua, nani angebisha? Wao wako chuoni. Mjukuu akamtazama babu yake, na babu yake akatazama chini, wale siafu wanampanda.

"Si mvua, mwalimu," akasema. "Dishi lilizibwa na bati."

"Nani aliliziba?"

Kuku wa shemeji tu ndio waliokuwa wanaongea.

"Kosa ni langu," mjukuu akasema. "Nilipima mlima, nikapima umbali, nikapima miti. Sikuwauliza wenye ua mvua ikinyesha huwa wanafanya nini. Na mtambo nimeuacha mikononi mwao."

"Ni mimi!" Shemeji alipiga kelele mpaka nikaruka, na yule mama akaganda tena. Aliporudi, shemeji alikuwa bado anasema. "Ni mimi niliyefunika! Msimwonee mtoto. Mgeni wangu hanyeshewi!"

"Huyo ni nani?" akauliza yule mhadhiri mwenye mvi.

"Ni babu, mwalimu. Ameshika mlingoti."

"Ameshika nini?"

"Mlingoti umelegea. Wameushika yeye na bibi."

Wakatazamana kule. "Tuonyeshe," yule mama akasema.

Mjukuu akaigeuza kompyuta kwetu. Nilitaka kurekebisha kanga, sikuweza. Basi wakatuona hivyo hivyo, wazee wawili wenye tope wamekumbatia chuma, mmoja anampulizia mwenzake shingo. Nikasema, "Habari za huko." Ningesema nini?

Hawakucheka, au walicheka njia ikiwa imekatika. Shemeji yeye aliona amepewa nafasi.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Na nikilifunika kwa nailoni je?"

Mjukuu akafumba macho. Mimi nilijua tumekwisha. Lakini yule mama akavua miwani akaifuta, akasema, "Mjibu mzee. Na umjibu aelewe yeye, sisi tutasikiliza."

Basi akamjibu. Alimjibu shemeji, mgongo amewapa wahadhiri, akasahau kama wapo. Akamwambia nailoni inapitisha, kwa kuwa mawimbi hayaioni, yanapita kama mwanga unavyopita kwenye kioo. Ila isilegee ikatuama maji juu yake, maana maji huyanywa mawimbi. Na majani mabichi nayo yana maji, ndiyo sababu alikataa kusimamisha mlingoti nyuma ya migomba. Na chuma, yakikigonga yanarudi. Shemeji akauliza, na wavu wa kuku? Akamjibu inategemea matundu, matundu yakiwa madogo kuliko hatua ya wimbi hayapiti, na hatua ya wimbi lake ni kama vidole vitatu hivi, akamwonyesha. Shemeji akauliza, na kuta za udongo? Hakunyamaza, yule mzee, huku siafu wanamla. Naye mjukuu akajibu yote.

"Inatosha," yule mama akasema hatimaye. "Majibu mtayapata." Kompyuta ikawa nyeusi.

Hatukuachia. Mjukuu alikuja kututoa vidole kimoja kimoja. Shemeji akakimbilia nyuma ya nyumba, na kwa heshima yake sitaeleza tulichosikia huko.

Mjukuu alirudi chuoni, na majibu hayakuja. Mlingoti ukabaki uani, dishi ameondoka nalo. Kila nikimpigia simu anasema bado, na mimi najua sauti ya bado yenye matumaini na ile nyingine, na hii ilikuwa ile nyingine.

Msaragambo uliofuata shemeji alileta masufuria ya makande na ndizi za kuwatosha wote, akakaa pembeni akiangalia watu wanavyokula adhabu yake. Walimtania mpaka wakachoka. "Mzee, hizi ndizi umezifunika na bati?" Mimi nilikuwa topeni simu ilipolia kwenye mkunjo wa kanga. Nikaifuta kwa kiwiko. Watu waliona jina limetokea kwenye kioo wakashusha majembe wenyewe.

"Bibi."

"Sema."

"Nimepita." Alikuwa analia. "Alama zenyewe za kuchechemea. Wamenikata kwa ile asubuhi yote, wakaniongeza kwa maswali ya babu. Lakini nimepita."

Nikanyanyua jembe juu watu waone. Wanawake wakapiga vigelegele, ndiva nzima ikaitika. Shemeji akaja, akainyakua simu kwenye mkono wangu.

"Mke wangu! Ule wavu wa kuku nimeupima. Matundu yake yanapita vidole vitatu."

Alipomaliza kuongea naye, akanirudishia simu, akafuta mikono kwenye suruali, akasema bila kunitazama: "Kesho maji ya kwanza ni yako."

"Na nikichelewa?"

"Nampa mwingine," akasema, akashika baragumu lake akapuliza watu warudi kazini.